Kava Inavuja, Bolti Inazunguka Bure: Kukaza Kesi za Injini Kuukuu za Pikipiki Bila Kuua Uzi

Hitilafu nyingi za kesi za injini huanza kwa kosa moja. Kava inatoa jasho la oili, mtu anaongeza robo mzunguko. Wiki inayofuata anaongeza robo nyingine, na mara ya tatu spana inazunguka bila kugoma. Oili bado inavuja, na sasa kuna tundu lililokufa uzi, yaani ile mistari ya ndani inayoshika bolti.

Maelezo haya yanahusu injini zenye kesi (nyumba ya nje ya injini) za alumini: jamii ya Honda CG125 na pikipiki za Kichina zilizofuata muundo wake, Bajaj Boxer, TVS, na Honda na Yamaha za zamani zenye skrubu za msalaba. Zote zina ugonjwa mmoja: bolti ni ya chuma, uzi wa tundu ni wa alumini. Ukizidisha nguvu, mara nyingi kinachokufa ni kesi, na kesi ndiyo ghali.

Vipimo vya kuanzia

Kitabu cha modeli yako ndicho cha kwanza. Usipokuwa nacho, tumia vipimo hivi vya kawaida vya Honda kwa bolti na nati za uzi mkavu na safi (M ni unene wa bolti kwa milimita; Nm, nyutoni-mita, ni kipimo cha torki, yaani nguvu ya kuzungusha):

- M5: Nm 5
- M6: Nm 10
- M8: Nm 22
- M10: Nm 34

Bolti za kava ya klachi na kava ya sumaku karibu zote ni M6, zile za kichwa cha spana namba 8. Kwa kesi iliyofunguliwa mara nyingi, kaa kati ya Nm 8 na 9. Ukipaka oili au grisi ya shaba kwenye uzi, punguza karibu robo, kwa sababu uzi unaoteleza huvuta bolti kwa nguvu zaidi kwa torki ileile.

Spana kubwa ya torki ya magari haifai hapa. Ikiwa inafika Nm 200, kwenye Nm 10 haiaminiki hata kidogo. Tafuta ndogo ya kati ya Nm 5 na 25. Kama hakuna, chukua mizani ya kuning'iniza, ile ya kupimia mizigo au samaki. Ifunge kwenye mpini wa spana sentimita 20 kutoka katikati ya bolti, kisha vuta kwa pembe mraba. Mizani ikisoma kilo 5, umefika karibu Nm 10. Vuta hivyo mara kadhaa ili mkono uijue nguvu hiyo. Wengi hushangaa jinsi ilivyo ndogo.

Kaza injini ikiwa baridi. Alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma, kwa hiyo bolti iliyokazwa injini ikiwa ya moto hulegea ikipoa.

Dalili: kava inavuja oili ingawa bolti zote zimekazwa

Kwanza hakikisha inavuja pale unapodhani. Oili ya kava ya valvu au ya kishikio cha mnyororo wa taimingi hushuka, ikapeperushwa na upepo, ikaonekana kama ya kava ya klachi. Osha injini kwa dizeli na sabuni, ikauke kabisa, ipake poda ya mtoto kwenye viungo vyote, kisha washa kwa dakika kumi. Mstari wa kwanza unaolowa ndio chanzo.

Sababu, kuanzia ya kawaida zaidi:

*Gasketi imechoka au imetumika mara ya pili.* Gasketi ya karatasi ikishabanwa haina cha kubana tena, na hakuna torki itakayoifufua. Weka mpya.

*Bomba la kupumulia limeziba, au oili imezidi.* Presha ndani ya kesi hutafuta pa kutokea. Vua bomba, lipulize, lisafishe matope mwishoni. Angalia kipimo cha oili pikipiki ikiwa imesimama wima. Ukaguzi huu hauhitaji kufungua kava yoyote, lakini ndio unaorukwa zaidi.

*Uso wa kava una mikwaruzo au umepinda.* Mara nyingi ni alama za bisibisi iliyotumika kubandua kava. Laza kava juu ya kioo kinene na ujaribu kupitisha fila geji (kibati chembamba cha kupimia nafasi) ya milimita 0.10. Ikipita, bandika msasa namba 400 juu ya kioo hichohicho, lowesha kwa mafuta ya taa, usugue kava kwa mwendo wa namba nane hadi rangi ya uso iwe moja. Uso wa kesi yenyewe usiusugue hivyo. Safisha tu kwa kikwangulio cha mbao au plastiki.

*Pini za kuelekeza hazipo.* Ni mirija midogo ya chuma inayokaa kwenye matundu mawili ya bolti. Huanguka wakati wa kuosha na hakuna anayeziona. Bila pini, kava hukaa upande na gasketi hubanwa visivyo.

*Bolti moja ina uzi uliokufa.* Shika spana kwa vidole viwili uikaze. Ikizunguka bila kugoma, nenda sehemu inayofuata.

Kuhusu silikoni: wengi huipaka kwa wingi ili kuficha uso mbaya. Inayotokea pembeni unaifuta, inayoingia ndani huiona tu pampu. Kipande kidogo kikifika kwenye chujio au njia ya oili, shafti kuu inakauka. Kama ni lazima, paka utando mwembamba upande mmoja, usubiri ushike kidogo kabla ya kufunga, na uache nafasi wazi kuzunguka kila tundu la oili.

Ukifunga, ingiza bolti zote kwa vidole kwanza, kisha kaza kwa kuvuka pande kwa hatua tatu: kwanza zishike tu, halafu nusu ya torki, halafu torki kamili. Kava inayokazwa upande mmoja hadi mwisho kabla ya mwingine hupinda hata ikiwa mpya.

Dalili: bolti inazunguka bila kushika

Simamisha mkono mara moja. Kila mzunguko unasaga uzi uliobaki. Toa bolti uitazame: ukiona uzi wa bolti umejaa vipande vya alumini, uzi wa tundu umeng'oka. Ukiona bolti yenyewe imelika na tundu ni zima, badilisha bolti, na kazi imeisha.

Tundu likiwa ndilo lililokufa, anza na jambo lisilo na gharama. Pima kina cha tundu kwa waya mgumu, na upime bolti inatokeza kiasi gani nyuma ya kava. Mara nyingi utakuta bolti fupi iliwekwa mahali pa ndefu, na uzi wa chini haujaguswa. Tundu likiwa na kina cha milimita 22 na bolti ikiingia 12 tu, bolti iliyozidi kwa milimita 5 inaweza kumaliza tatizo. Acha nafasi ya milimita 2 hadi 3 chini. Uzi wa M6 kwenye alumini unahitaji kushika angalau milimita 9, na 12 ni bora.

Uzi wote ukiwa umekufa, tengenezo linaloaminika ni koili ya chuma, inayojulikana kwa jina la Helicoil. Ikiwekwa vizuri, huwa imara kuliko uzi wa mwanzo. Kwa M6:

1. Ziba kila uwazi wa injini kwa tambara safi. Laza pikipiki ili tundu lielekee pembeni au chini kidogo, taka zitoke badala ya kuingia.
2. Toboa kwa biti iliyokuja na seti. Kwa M6 huwa kati ya milimita 6.2 na 6.3, kwa M8 kati ya 8.3 na 8.4. Paka grisi kwenye mifereji ya biti ikamate vumbi la alumini. Funga utepe kwenye biti kuonyesha kina, usije ukatokea upande wa pili.
3. Biti iwe wima kabisa. Drili ya mkono hupinda. Tumia kipande cha chuma kilichotobolewa kwenye mashine ya mkerezaji kama kielekezi.
4. Kata uzi kwa tapu ya seti hiyo, si tapu ya kawaida ya M6. Weka mafuta ya taa. Kwa alumini yanafaa kuliko oili nzito. Nusu mzunguko mbele, robo nyuma, na toa tapu uisafishe kila mara.
5. Puliza tundu, vaa miwani, ingiza koili hadi ishuke robo hadi nusu mzunguko chini ya uso.
6. Vunja ulimi wa koili kwa kugonga kidogo, kisha utoe kwa koleo nyembamba. Ulimi ukibaki ndani ya injini utazunguka na gia.

Kupanua tundu hadi M8 kunawezekana pale tu panapokuwa na nyama ya kutosha kuzunguka tundu. Kwenye kava nyingi ukuta hubaki mwembamba, nao hupasuka kwa safari za barabara mbovu.

Utepe wa maji, karatasi ya alumini, waya wa shaba au gundi ya chuma si tengenezo. Gundi ya chuma inaweza kukufikisha nyumbani kwa bolti moja ya kava. Usiitumie kamwe kwenye dreni (bolti ya kumwagia oili), studi za silinda (bolti ndefu zisizo na kichwa) wala bolti za kushikilia injini.

Dalili: bolti au skrubu haifunguki

Kwanza kabisa, tenga tangi na umwage petroli ya kabureta. Huko mbele kuna moto.

Skrubu za msalaba za pikipiki za Kijapani zina mdomo wa kiwango cha JIS (kiwango cha viwanda cha Japani), na mara nyingi kuna nukta ndogo kwenye kichwa. Bisibisi ya kawaida ya msalaba hupanda na kula kichwa. Tafuta biti ya JIS, au angalau biti mpya isiyochakaa inayojaza mdomo wote.

Fuata mpangilio huu, usiruke:

Gonga kichwa cha skrubu mara tano kwa nyundo kupitia ngumi bapa ya chuma (panchi). Mshtuko huvunja kutu kwenye uzi kuliko nguvu ya mkono. Weka dawa ya kutu, iache usiku kucha, gonga tena asubuhi. Jaribu kuikaza kidogo kabla ya kuifungua. Kisha tumia bisibisi ya kugonga, ile inayozunguka inapopigwa na nyundo. Injini iegemee kitu kigumu, na pigo lielekee kichwa moja kwa moja. Ukipiga kava upande, unapasua sikio lake.

Ikigoma, pasha moto kesi kuzunguka tundu, si bolti. Tone la maji likianza kuchemka na kuruka, inatosha. Usizidishe: alumini haiwi nyekundu kabla ya kuyeyuka, kwa hiyo macho hayatakuonya, na sili za raba za shafti huanza kuharibika mapema. Usipulizie dawa ya kusafishia breki mahali utakapopasha moto. Baadhi ya aina hutoa gesi yenye sumu zikiungua.

Kichwa kikishaliwa kabisa, toboa kichwa tu kwa biti ya milimita 6.5 au 7 hadi kiruke. Kava itatoka, na kipande kilichobaki hakina tena mvutano, mara nyingi hugeuka kwa koleo ya kufunga. Mbinu hii huokoa kesi nyingi kuliko bisibisi yoyote, lakini watu huiogopa kwa sababu inaonekana kama kuharibu.

Dalili: bolti imekatika ndani

Ikiwa kipande kinatokeza hata milimita 3, kishike kwa koleo ya kufunga baada ya kupasha moto. Kikiwa sawasawa na uso, mchomeaji mzuri anaweza kuweka nati juu na kuijaza kwa kuchomea. Joto lenyewe hulegeza kutu. Kabla ya umeme wa kuchomea kugusa pikipiki, tenga betri na CDI (kisanduku cha umeme wa plagi), na ardhi ya mashine ishike kesi karibu kabisa na bolti. Ikishika fremu au tairi la nyuma, umeme hupita kwenye beringi na kuziunguza.

Kipande kikiwa chini ya uso, weka alama katikati kabisa kwa ngumi ya ncha kali. Chukua muda hapa, kwa sababu kila kosa la baadaye huanzia kwenye alama iliyokaa pembeni. Toboa milimita 3, kwa biti ya kugeuka kushoto kama ipo. Mara nyingi kipande hutoka chenyewe wakati wa kutoboa. Kisha panua polepole hadi 5. Ukiwa katikati, mabaki ya uzi wa bolti hutoka kama waya wa springi, na tundu hubaki zima.

Simama hapa ukiwa na kishawishi cha kutumia kitoa-bolti chembamba cha chuma kigumu kwenye M6 iliyoshikwa na kutu. Kikikatika ndani, biti ya kawaida haiwezi kukitoboa, na kazi ya elfu chache inageuka ya mashine maalumu. Bolti ikiwa imeshikwa kweli, mpelekee mkerezaji kesi ikiwa haijaguswa. Atakushukuru kwa hilo.

Dalili: bolti imekaza mapema lakini kava bado ina nafasi

Hii ndiyo hatari kuliko zote, maana mkono unahisi kila kitu kiko sawa. Sababu ni tatu.

Ya kwanza ni bolti ndefu iliyowekwa mahali pa fupi. Inagota chini ya tundu, na ukiongeza nguvu inasukuma kesi ipasuke kwa ndani. Kinga ni rahisi: kabla ya kufungua, chora umbo la kava kwenye boksi la karatasi ngumu, toboa matundu, na uchomeke kila bolti mahali pake inapotoka.

Ya pili ni oili au maji chini ya tundu lisilotokea upande wa pili. Kimiminika hakibanwi. Bolti ikishuka inakuwa pampu na inaweza kupasua kesi kwa nguvu ya spana ndogo. Kausha kila tundu kwa hewa au kijiti chenye tambara.

Ya tatu ni taka kwenye uzi. Tengeneza kisafishaji: chukua bolti ya zamani iliyo nzima, ikate mfereji kwa msumeno wa chuma kandokando ya uzi wake, uipitishe kwa vidole. Tapu ya kukata hula alumini nzima pamoja na taka.

Bolti nzima huingia kwa vidole hadi karibu mwisho. Ikihitaji spana mapema, kuna jambo, itoe.

Dalili: dreni inavuja

Nyingi ni M12 ya uzi wa 1.5 (milimita kati ya mstari na mstari). Washa ya zamani ndiyo sababu ya kwanza. Badilisha washa ya alumini au shaba kila unapomwaga oili. Bei yake haifikii soda. Nm 24 hadi 25 zinatosha, na kesi iliyochoka ikiwa na washa mpya hutulia kwenye 20. Aina zenye kifuniko kikubwa cha chini chenye springi na chujio huziba kwa oringi, si kwa nguvu. Badilisha oringi.

Ukiona ufa mwembamba kuanzia tundu la dreni, usikaze wala usipake gundi. Mwaga oili, pikipiki isiendeshwe. Ni kazi ya mchomeaji wa alumini kwa gesi ya argoni, baada ya kesi kuoshwa na kukaushwa kabisa, kwa sababu alumini iliyokunywa oili haishiki.

Dalili: nati ya silinda hedi inazunguka, studi inapanda

Studi inang'oka kutoka kwenye kesi. Dalili zake ni moshi au oili kwenye kiungo cha silinda na mlio wa kupuliza injini ikivuta mzigo. Usiongeze nguvu, usiendelee kuendesha. Silinda lazima itoke, tundu liwekewe koili au bushi ya chuma likiwa wima kabisa, maana studi iliyoinama huvuta hedi upande. Bila mashine ya kutobolea, kazi hii si ya barazani.

Dalili: bolti zinalegea zenyewe

Angalia kwanza bolti za kushikilia injini kwenye fremu. Injini inayotikisika hulegeza kila kitu kilicho juu yake, na kukaza kava wakati fremu inacheza ni kupoteza muda. Kisha angalia rangi au mchanga chini ya vichwa vya bolti, na gasketi mpya iliyotulia baada ya safari za kwanza; hiyo unaipitia mara moja tu, injini baridi, kwa torki ileile.

Vikiwa sawa vyote, weka tone moja la gundi ya uzi ya bluu kwenye uzi uliosafishwa oili. Gundi nyekundu isiwekwe kwenye M6 ya alumini. Huhitaji joto la karibu nyuzi 250 kuachia, na atakayefungua mwakani atatoka na bolti pamoja na uzi wa kesi.